Kiraka Tukipake Nini? Maswali Yenu Kuhusu Bunduki za Kushindilia

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kuhusu risasi ya duara, nikasema "paka kiraka mafuta, shindilia, piga", nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua karibu zote zilizokuja zinauliza mafuta gani, na kuna mmoja kaniita mvivu kabisa. Sawa, leo tunakaa hapo hapo kwenye mafuta, hatuendi pengine.

Kama we ndo unaanza: gumegume, ile bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe, na ndugu zake wote wa kushindilia wanalishwa kwa mdomoni. Unamimina baruti nyeusi uliyoipima, unatandika kitambaa cha pamba juu ya mdomo wa mtutu, unaweka risasi ya duara juu yake, afu unasukuma vyote kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka vikalie baruti. Hicho kitambaa ndo nakiita kiraka. Risasi yenyewe ni ndogo kidogo kuliko tundu. Kwa mtutu wa kaliba 50, ambao ni milimita 12.7, wengi tunatumia risasi ya milimita 12.45 hivi, kwahiyo kiraka ndo kinaziba pengo na ndo kinashika ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Kikiwa kikavu kinakwama na kinaungua, ndo maana lazima kipakwe kitu. Haya, barua.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Pittsburgh, nimenunua gumegume ya kaliba 50 maana huku Pennsylvania baada ya Krismasi kuna msimu wa kulungu wa gumegume peke yake. Nimeenda nayo uwanjani mara mbili. Risasi tatu za kwanza zinaingia vizuri tu, ya nne naisukuma mpaka jasho, ya tano nimeshindwa kabisa imebaki katikati. Napaka grisi ya bearingi niliyokuwa nayo gereji, ni nzuri ya bei mbaya. Mtutu mbovu au mimi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtutu mzima. Mbovu ni hiyo grisi, na bei yake haisaidii kitu.

Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa, na haiungui kama baruti ya kisasa ambayo karibu yote inageuka gesi ikaondoka. Hii ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa vitu vigumu, sehemu inatoka na ule moshi mweupe mzito, sehemu inagandia ndani ya mtutu. Mi naiita ukoko, maana ndo ulivyo, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Sasa huu ukoko mwingi ni chumvichumvi zinazoyeyuka kwenye maji, ukiulowesha kidogo unalainika na kufutika, lakini ukiupa joto pamoja na grisi au oili iliyotokana na petroli unageuka kitu kama lami. Ukipiga mara moja umetandika safu moja ya lami, mara ya pili safu ya pili, ya tano ndo hiyo imekukwamia.

Kwahiyo kazi ya mafuta ya kiraka si kuteleza tu kama watu wanavyodhani, kuteleza ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na mi naona ndo kubwa, ni kuuweka ukoko laini ili kiraka kinachofuata kikishuka kiufute kiende nao chini. Ndo maana vitu vya ajabuajabu vinafanya kazi: mate, maji ya sabuni, mafuta ya kondoo, mafuta ya zeituni, nta ya nyuki. Kanuni yangu ni hii, kama kimetoka kwa mnyama, mmea au mdomo wako mwenyewe, jaribu. Kama kimetoka kwenye kisima cha mafuta, kiache gereji. Ipo tofauti, yale mafuta meupe ya madini yaliyosafishwa sana kama Ballistol, ya Wajerumani tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, hayo yanachanganyika na maji yakawa kama maziwa na baruti nyeusi haigombani nayo. Watu wengi wa kulenga shabaha wanachanganya kipimo 1 kwa 7 vya maji, wanalowesha kitambaa, wanakilaza kikauke, kinabaki na mafuta kidogo yaliyosambaa sawasawa.

We sasa hivi osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha, pitisha spiriti kutoa mabaki ya grisi, halafu uwanjani anza na mate tu. Ndio, mate. Weka kiraka mdomoni kilowe vizuri kisiwe kinachuruzika, shindilia, piga. Kati ya risasi na risasi pitisha kitambaa chenye unyevu mara moja kwenda na kurudi, kisha kikavu.

Na ile iliyobaki katikati, natumaini hukuipiga. Risasi ikiwa mbali na baruti, ikiwa na nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Weka alama kwenye mdeki inayoonyesha risasi ikikalia baruti, alama isipofika mdomoni hupigi. Nami nakwambia kwa kovu: mwaka wangu wa kwanza nilipaka Vaselini siku ya joto la Julai, risasi ikakwama, nikajifanya mwanaume nikausukuma mdeki wa mbao nikiushika juu kabisa. Ukavunjika kwa mshazari, ncha ikapita kwenye nyama ya kiganja hapa chini ya kidole gumba. Tangu siku hiyo naushika mdeki shubiri moja tu juu ya mdomo wa mtutu, nasukuma kidogo kidogo.

SWALI: Assalaam alaykum babu. Mimi na mume wangu tuko Columbus, Ohio, tumejiunga na klabu ya bunduki za zamani. Watu wazuri sana lakini kila mtu ana kopo lake la mafuta na mengi ni ya nguruwe. Juzi mzee mmoja alinipa viraka vyake tayari vimepakwa nikabaki nimeduwaa, sijui nivishike au nisivishike. Kuna njia ya kupiga bila nguruwe na bila kuonekana nina maringo?

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Ipo, tena ni nzuri kuliko ya kwao.

Ila kwanza nikuchekeshe, au nikuhuzunishe sijui. Swali lako lilishawahi kuwasha nchi nzima. Mwaka 1857 jeshi la ile Kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala India lilikuwa linaletewa bunduki mpya za Enfield, risasi zake zilikuja kwenye karatasi iliyopakwa mafuta na askari alikuwa anaichana kwa meno. Zikavuma habari kwamba mafuta ni ya ng'ombe na nguruwe, Mhindu akachukizwa, Mwislamu akachukizwa, wakubwa wakaja kuamua kwamba karatasi zitolewe bila mafuta na kila askari apake anachokiamini, afu achane kwa mkono. Wakachelewa, imani ilishatoka. Machi 29 askari mmoja, Mangal Pandey, akainua silaha kambi ya Barrackpore, Mei 10 kambi ya Meerut ikalipuka, vita vikaendelea mpaka mwaka wa pili. Mambo yalikuwa mengi, kodi, ardhi, dharau, lakini kilichotia kiberiti ni mafuta ya risasi. Kwahiyo usione aibu kuuliza kopo lina nini.

Sasa dawa. Nenda bucha la halali, Columbus yapo mengi, omba shahamu ya kondoo, ile nyeupe ngumu ya kuzunguka figo, wengine wanakupa karibu bure. Ikatekate ndogo, iweke kwenye sufuria, moto mdogo kabisa, iyeyuke polepole bila kuungua, chuja kwa kitambaa makapi yatoke. Halafu chukua nta ya nyuki halisi, si mishumaa ya dukani, weka kipimo 1 cha nta kwa vipimo 3 vya mafuta ya kondoo. Yeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke juu ya moto moja kwa moja, nta inayeyuka kwenye nyuzi kama 63 hivi kwahiyo maji yanatosha, na mafuta yakishika moto jikoni utajuta. Ikipoa iguse kwa dole gumba, inatakiwa iwe na ulaini wa kiwi ya viatu. Ikiwa ngumu kama mshumaa ongeza kondoo, ikiwa inayeyukia mkononi ongeza nta. Sugua kwenye kiraka upande mmoja, kwa kidole, mpaka uone kitambaa kimebadilika rangi kidogo tu. Watu wanapaka kama wanapaka siagi kwenye mkate, hapana, hiyo ziada inaenda kulowesha baruti.

Hata kopo la Crisco mnaloliona kwa wenzenu ni mafuta ya mimea, soma tu ubavuni. Shida yake ni joto, Julai linakuwa uji. Na tahadhari moja inayohusu wote, wa dini zote: chochote chenye chumvi usikipeleke kwenye mtutu. Siagi ya chumvi, mafuta ya kukaangia bekoni, hivyo ni kutu tu. Samli isiyo na chumvi poa.

Yule mzee mwambie asante, kisha mpe kiraka chako cha kondoo ajaribu. Akikipenda atakusumbua wewe.

SWALI: Mzee habari za huko. Mimi niko Saint Paul, Minnesota, asili yangu Bukavu. Desemba niliingia porini, nikashindilia saa kumi na moja alfajiri kwa kiraka cha mate kama nilivyozoea uwanjani, kulungu mkubwa akatokea saa nane mchana. Jiwe likatoa cheche, baruti ya nje ikawaka puu, bunduki kimya. Kulungu akanitazama akaenda zake. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana, na huyo kulungu hakukosea kukutazama.

Kiraka cha mate ni cha kupiga sasa hivi. Ukikiacha masaa tisa, maji yanafanya mambo mawili, yanaingia kwenye baruti iliyo chini yake, na yanaanza kutia kutu mtutu pale pale kilipokaa. Kilichowaka ni baruti ya kwenye kifa tu, ile ya kuwashia, moto ulipopita kitundu ukakuta ya ndani imekuwa tope. Hapo hapo kumbuka, bunduki ikinyamaza hivyo usiigeuze wala kuichungulia, ielekeze mbele pasipo na mtu uhesabu dakika nzima, zipo zinazochelewa.

Kwa mawindo tumia mafuta ya kushika, si ya kimiminika. Ile nta na kondoo niliyomwandikia dada wa Columbus inafaa, ila kwa baridi yenu punguza nta, weka 1 kwa 5. Halafu kati ya baruti na kiraka weka kizuizi kikavu, kijiduara cha ufelti, ile sufu iliyoshindiliwa, au hata kiraka kikavu kisichopakwa kitu, chenyewe kinanyonya mafuta yanayoshuka. Wamarekani wa zamani walikuwa wanatumia kipande cha kiota cha nyigu, ile karatasi yake ya kijivu, kikavu bila nyigu tafadhali.

Kuhusu aina ya mafuta kwenye baridi, hapa ndo watu wanabishana mpaka chakula kinapoa. Mafuta ya nazi ambayo sisi wa pwani tunayapenda kila mahali yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Minnesota Desemba hayo ni chaki. Zeituni linazidi kuwa zito. Mafuta ya kwato za ng'ombe yanabaki laini, ila hakikisha ni halisi, yapo yaliyochanganywa na ya petroli. Wazee wa milima ya Appalachia wanaapia mafuta ya dubu, na mi niliwahi kupewa kichupa, ni mazuri kweli ila harufu yake haina adabu. Zamani mfalme wa yote alikuwa mafuta ya nyangumi, wale wenye kichwa kikubwa, maana hayakuwa yanagandaganda kwenye baridi, mpaka Marekani ilipopiga marufuku miaka ya 1970. Meli za kuwinda hao nyangumi kutoka New England zilikuwa zinatia nanga mpaka Unguja. Dunia ndogo.

Na ukirudi nyumbani usiingize bunduki ya baridi sebuleni kwenye joto ukaiacha hivyo, inatoka jasho ndani na nje. Ifute siku hiyo hiyo.

SWALI: Mzee, mi na rafiki yangu tulienda Friendship, Indiana, kuangalia mashindano, tukarudi na wazimu. Saivi kila nikipiga naokota viraka vyangu vina matobo katikati kama vimetafunwa na mende, na risasi zinatawanyika hovyo kwenye shabaha. Nimebadilisha mafuta mara nne, ya mwisho ni ya kopo la dola nyingi tu. Nijaribu yapi tena?

JIBU: Acha kununua makopo. Ila nakusifu kwa kuokota, wengi wanashangaa nikiwaambia waache shabaha waende waangalie chini. Kiraka kilichopigwa kinaanguka hatua chache tu mbele ya mdomo wa mtutu na ndo barua yako, kinakwambia kila kitu.

Kitandaze kiganjani. Kizuri kina doa jeusi la duara katikati pale baruti iliposukuma, kisha michirizi ya mifereji pembeni kama miale ya jua, na kitambaa kizima, unaweza hata kukitumia tena ingawa usifanye hivyo. Kama katikati pameungua rangi ya kahawia na pamelegea, mafuta ni machache au kitambaa ni chembamba, moto unapita. Kama matundu yamekaa kwa mpangilio, yanafuata mifereji, yenye kingo safi kama za wembe, hapo mafuta hayahusiki hata kidogo, mtutu ndo unakata: mpya una makali ndani, au mdomo wake una ncha. Na kama kimechanika tu ovyo, kitambaa chenyewe ni kibovu.

Maelezo yako ya mende yananifanya niamini ni kitambaa. Umekitoa wapi? Kama ni fulana ya zamani au kina polista, tupa, polista inayeyuka ikagandia mtutuni. Tafuta pamba tupu iliyofumwa kwa kubana, unene wa milimita 0.38 mpaka 0.45, Wamarekani wanatumia kile cha mistari cha kushonea mito na magodoro. Kifue kwanza maji ya moto mara moja kitoe wanga wa kiwandani. Mimi nikiwa na hamu ya kujidai natumia merikani. Msicheke. Kile kitambaa ambacho bibi zetu walikijua kwa jina hilo kilikuwa kinatoka viwanda vya Massachusetts kuja Unguja, kwenye meli hizo hizo zilizobeba bunduki na baruti, na mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani unazitaja bunduki, baruti na risasi waziwazi: pale Unguja ziuzwe kwa serikali tu. Kwahiyo kitambaa na baruti vilifika pamoja, mi navirudisha pamoja tu.

Fanya hivi. Baruti ile ile, risasi ile ile, mafuta ya aina moja tu, badilisha unene wa kitambaa kwanza. Piga tano tano, okota vyote, vibandike kwenye daftari ukiandika tarehe na hali ya hewa, maana siku kavu ukoko unakuwa mgumu na siku ya unyevunyevu unalainika wenyewe. Mafuta uje uyaguse mwisho. Na viraka okota vyote hata vilivyoharibika, vingine vinaanguka vikiwa na kaa la moto, kwenye nyasi kavu za Agosti mtachoma uwanja wa watu.

SWALI: Fundi wa bunduki kaniambia nikipaka mafuta ya asili kwa muda mrefu mtutu "unakolea" kama chuma cha chapati, nisiuoshe kwa sabuni. Kweli?

JIBU: Chuma cha chapati ni chuma cha kalibu, unakipasha moto na mafuta mpaka yagande. Mtutu wako ni chuma cha pua. Kinachokolea humo ni ukoko, na chini ya ukoko ni kutu. Osha kwa sabuni, kausha, paka mafuta ya kuhifadhia, lala.

SWALI: Mimi nipo Tabora. Babu aliacha gobore darini, lina miaka mingi. Naomba unielekeze mafuta ya kulipaka lifanye kazi tena.

JIBU: Ndugu yangu, hili sikuelekezi. Magobore mengi ya kienyeji yamechomelewa kwa bomba ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya baruti, na hilo limekaa darini pengine bado lina kitu ndani, hakuna mafuta ya kutibu hayo. Zaidi ya hapo, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kukaa na silaha bila leseni ni kosa, hata kama ni urithi. Usilisogeze, usilijaribu, usilibebe kwenye basi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi ueleze, waje walichukue wenyewe.

SWALI: Babu, mwaka jana ulinipa ile ya nta na kondoo. Bunduki inapiga safi. Ila nilitumia sufuria ya mke wangu ya wali na harufu haitoki, nimejaribu ndimu, magadi, majivu. Nifanyeje?

JIBU: Mnunulie nyingine, kubwa kidogo kuliko ile, leo kabla maduka hayajafungwa. Ya zamani ichukue iwe yako. Yangu nimeiandika ubavuni kwa rangi nyekundu SI YA WALI, na bado mgeni mmoja aliipikia maharage.